Mke Wangu Anasema Mungu Anaongea Naye Kila Siku, Mimi Niko Barabarani na Sisikii Kitu

BARUA

Shikamoo mama. Naomba jina langu lisitoke maana madereva wenzangu wengi wanaisoma hii safu, tunarushiana kwenye magrupu ya wasap tukiwa tumekaa foleni mpakani Tunduma hatuna cha kufanya.

Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar mpaka Lubumbashi, kwenda napanda na salfa au mzigo wowote wa migodini, kurudi nashuka na shaba. Nina miaka 41, mke mmoja, watoto watatu, tumejenga Kibaha. Kwetu ni Makete, nimezaliwa KKKT, kanisa la Kilutheri, nikakulia humohumo, ubatizo, kipaimara, ndoa, vyote kanisani, na bahasha zangu za ahadi hazijawahi kulala, hata nikiwa Congo mke wangu anapeleka. Kwahiyo sio kwamba mimi ni mtu wa kuja juzi kwenye mambo ya Mungu. Lakini mama ukiniuliza leo hii wewe binafsi na Mungu mkoje, sina jibu. Kanisani naingia nikibahatika Jumapili inikute nyumbani. Jumuiya wananijua kwenye orodha tu, siku wakija kusali kwangu mimi niko Zambia, Mpika huko au Serenje, nimelala kwenye gari.

Mwaka jana kabla ya Pasaka nilimpoteza swahiba wangu. Tulianza wote utingo, leseni tukapata pamoja, tukawa tunatembea gari mbili mbili, akiharibikiwa nasimama, nikiharibikiwa anasimama. Siku hiyo tulikuwa tumelala Makambako tukiwa na shaba, asubuhi tukasimama katikati ya gari zetu akaomba yeye, maana ndo alikuwa anajua kuomba, akawataja watoto wake na wangu kwa majina, tukapeana mikono tukaondoka. Kwenye mizani kabla ya Iringa gari yangu ikawekwa pembeni, ekseli moja imezidi, ikabidi nibaki mzigo usogezwe. Yeye akapita, akanipungia akasema tukutane Mbuyuni tunywe chai. Mimi nafika juu ya mlima Kitonga nakuta magari yamesimama. Breki zilimkatalia kwenye mteremko. Nilimtambua kwa kandambili zake, alikuwa haendeshi na viatu.

Toka hapo kila mtu ananiambia Mungu alikuchelewesha mizani makusudi, kakuokoa ana kusudi na wewe. Kanisani nikaitwa kutoa ushuhuda, nikatoa, watu wakapiga vigelegele na mapambio juu, na mjane wake amekaa pale mbele anafuta macho na kanga. Nilirudi kukaa natetemeka mwili mzima. Sijawahi kusimama tena.

Sasa mke wangu. Toka tulipotoka msibani alianza kwenda kwenye huduma moja ya maombi jirani na kwetu, mwanzo alisindikizwa na dada mmoja, sasa hivi anaenda karibu kila siku na mikesha juu. Simlaumu, amebadilika hata uso, ana amani ambayo mimi sina. Tatizo ni kwamba kila kitu sasa hivi ni Mungu ameniambia. Mungu ameniambia tuhamishe mtoto shule, Mungu ameniambia usipokee mzigo wa wiki hii. Nikimwambia mimi Mungu hajaniambia kitu, anasema ni kwa sababu unamjua Mungu wa kipaimara, wa kukariri, humjui wa kwako. Mama hilo neno liliniuma kwa sababu naona ni kweli.

Halafu mtumishi wao akamwambia ameona kwenye maono gari jeupe limefunikwa kitambaa cheusi, kwahiyo mimi nitoke barabarani kabla mwaka haujaisha. Gari yangu ni nyeupe. Na kweli kuna kazi nimeahidiwa kwenye yadi ya makontena Dar, kupanga magari na kusogeza tela, hela ni karibu nusu ya ninayopata sasa ukiweka na posho za safari, na nina mtoto anaingia fomu faivu na nyumba haijapigwa plasta. Mke wangu anasema ukiwa mjini utakuwa na Mungu, huko njiani hamna Mungu kuna mashetani tu. Anataka pia safari ijayo niifunge, kavu, bila chakula wala maji.

Nimejaribu kuomba mwenyewe. Nikishapaki napiga magoti kwenye kitanda cha kebini, nasema Baba Yetu, baada ya hapo maneno yanaisha. Nakaa kimya nisikie kama mke wangu anavyosikia, nasikia jenereta za wauza chips tu, mwisho usingizi unanibeba. Kuna kitu sijamwambia mtu ila wewe ntakwambia. Nikifika Kitonga huwa nazima redio naanza kuongea mwenyewe kwa sauti, namuuliza mbona ulimpitisha yule, mbona hukumshika na yeye pale mizani, yeye ndo alikuwa anakuomba mimi nilikuwa naitikia amina tu. Siku nyingine napiga usukani ngumi. Utingo wangu ananiangalia tu hasemi kitu. Nikishafika chini naanza kuogopa, naona kama nimekufuru, inabidi nitubu mpaka nifike Mikumi.

Swali langu mama, mtu wa barabarani kama mimi nifanyeje niwe na Mungu wangu mwenyewe, sio wa mke wangu wala wa mchungaji? Au ni kweli mpaka niache gari? Na kama Mungu ananichukia kwa yale maneno ya Kitonga niambie tu ukweli.

Dereva, Kibaha


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na pole ya msiba kwa sababu barua yako mtu akiisoma haraka ataona ni ya mtu anayetaka kufundishwa kuomba, ila mimi nimeirudia mara kadhaa na ninachokiona humo ndani ni mwanaume ambaye hajapewa nafasi ya kumlilia rafiki yake. Ulitoka Kitonga ukaingia msibani, ukatoka msibani ukasimamishwa mbele ya watu kushangilia, halafu ukarudi kwenye usukani. Ulilia saa ngapi?

Ngoja niseme nilivyokuelewa, kama nimekosea utanirekebisha. Unahisi Mungu unamjua kwa majina na taratibu ila hamjawahi kukaa wawili. Rafiki yako kafa, wewe umepona, na maelezo unayopewa ya kwanini umepona yanakuumiza kuliko kukufariji. Mke wako kapata uhusiano na Mungu unaoonekana na kusikika, wako hauonekani, na sasa huo wa kwake unakuja na maagizo kuhusu kazi yako na mkate wa watoto. Na chini kabisa kuna hofu kwamba yale ya Kitonga yameshaharibu kila kitu.

Nianze na hilo la Kitonga maana uliliweka mwishoni kama aibu, na mimi naliona ndo sehemu yenye uhai kuliko zote kwenye barua yako.

Umesema hujui kuomba binafsi, maneno yanaisha baada ya Baba Yetu. Halafu mistari michache mbele unaniambia kuna mahali kwenye barabara unazima redio na kuongea na Mungu kwa sauti, kwa maneno yako mwenyewe, kuhusu jambo linalokuuma kuliko yote. Sasa mwanangu, hiyo uliyokuwa unaifanya ni nini? Ulikuwa unaongea na nani kama sio yeye? Mimi naomba ufikirie, bila haraka, kama inawezekana kwamba yale ndo maombi ya kwanza ya kwako kabisa uliyowahi kuomba, ila hukuyatambua kwa sababu hayafanani na uliyofundishwa wala na ya mke wako.

Kwenye Biblia yako hiyohiyo kuna Zaburi ya 13, inaanza na mtu anamuuliza Bwana hata lini utanisahau, hata milele? Kuna Zaburi ya 88, ile isome siku umepaki usiku, inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna haleluya mwishoni, rafiki ameondolewa na giza limebaki. Na watu wa Mungu wakaiacha vilevile kwenye kitabu cha kuimbia ibadani. Ayubu nae aliongea makali kuliko yako, sura kwa sura, wakati rafiki zake wamekaa pembeni wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri. Fungua sura ya 42 uone Mungu alimkasirikia nani. Aliwakasirikia wale watetezi, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Kwahiyo swali lako la kama anakuchukia, mimi sio msemaji wake, ila hayo niliyokuonyesha yamo humo humo kwenye kitabu unachokiogopa kwamba kinakuhukumu.

Hiyo toba ya kutoka chini ya mlima mpaka Mikumi ningekuomba uiangalie upya. Kutubu ni kuzuri, ila jiulize unatubu dhambi au unatubu huzuni. Maana kama kila ukisema ukweli mbele zake unakimbilia kuufuta, hapo ndipo mazungumzo yanapokatika. Jaribu siku moja ukifika chini usifute. Nyamaza tu, endesha, yaache yale maneno yabaki pale mbele zake.

Sasa hili la mizani. Watu waliokuambia Mungu alikuchelewesha makusudi hawakuwa na nia mbaya, ndivyo tunavyofarijiana huku kwetu. Ila wewe umeona shimo lililoko kwenye hiyo faraja kwa sababu mjane alikuwa amekaa pale. Ukisema mimi niliokolewa kwa kusudi, yeye anasikia nini kuhusu mume wake? Yesu mwenyewe aliwahi kuletewa habari za vifo vya ghafla, iko Luka 13, akataja na wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akawauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Hakueleza kwanini mnara uliwaangukia wale na sio wengine, aliwageuzia macho wasikilizaji wajiangalie wao wanaishije. Kwahiyo kama nae hakutoa maelezo, sioni kwanini wewe ulazimishwe kuyatoa kwenye kipaza sauti. Unaweza kumshukuru Mungu kwa uzima wako na papo hapo ukamwambia sijaelewa kuhusu mwenzangu, na vyote viwili vikawa kweli kwa wakati mmoja.

Na huyo mjane, umeshaenda kumuona toka siku ile? Sikuulizi kwa kukulaumu. Nauliza kwa sababu yeye na wewe mnajua vitu kuhusu yule mtu ambavyo wengine wote hawavijui, na inawezekana kukaa nae nusu saa mkamtaja jina kukakusaidia kuliko mkesha. Nenda na mke wako, msiende na ushuhuda.

Nikija kwa mke wako, naomba uvumilivu wako kidogo. Umeandika mwenyewe alianza kwenda kwenye huduma toka mlipotoka msibani. Umeandika ukapita, ila mimi nilisimama hapo. Yule mama alimuona mwenzake anavishwa nguo nyeusi, watoto wanaulizwa shule watalipiwa na nani, halafu akarudi nyumbani akakufungia begi uende njia ileile, mteremko uleule. Inawezekana kila anaposema Mungu ameniambia toka barabarani, ndani yake kuna sauti inasema nakuomba usife? Sisemi Mungu haongei nae, hilo siwezi kulipima na sio kazi yangu. Nasema hofu na sauti ya Mungu zinaweza kukaa kwenye kifua kimoja na mwenyewe asijue ipi ni ipi. Nyie wawili mmefiwa na mtu mmoja, mmoja ameenda kulilia kwenye mikesha, mwingine Kitonga, na hamjawahi kulia pamoja.

Halafu umejipima kwa kipimo chake. Umeamua kwamba mtu mwenye Mungu ni yule anayesikia, wewe husikii, basi huna. Mimi hapo nina wasiwasi na hicho kipimo. Mama Teresa wa Kalkuta unamjua, aliyehudumia maskini mpaka akafa mwaka 1997. Barua zake zilichapishwa mwaka 2007, dunia ikashtuka, kumbe kwa miaka inayokaribia 50 huyu mama alikuwa anawaandikia washauri wake wa kiroho kwamba akiomba anakutana na ukimya na giza. Na kila alfajiri alikuwa anaamka anaomba, anaenda kuosha vidonda. Wapo wanaosikia, Mungu awabariki, na wapo ambao wametembea nae umri mzima kwenye ukimya. Ukimya sio cheti kwamba hayupo.

Kuna jambo la mwili pia. Unapiga magoti umeendesha toka saa kumi alfajiri, umekula chips, usingizi unakuchukua, unasema umeshindwa maombi. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamuamsha akamwambia inuka ule, akalala tena, akaamshwa akala tena. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadae sana. Kwahiyo ukilala katikati ya sala kwenye kebini, lala mwanangu.

Na hapa nitaongea kwa ukali kidogo, samahani. Kufunga kavu huku unaendesha semi yenye shaba hapana. Mtu asiyekula wala kunywa anapata kizunguzungu, macho yanakuwa mazito, mkono unachelewa, na barabara hiyo ina watoto wa shule na mabasi ya abiria. Kama moyo wako unataka kufunga, funga siku uko nyumbani au gari liko gereji, au funga kitu kingine ukiwa njiani. Mweleze mke wako hivyo hivyo, nadhani ataelewa kwa sababu yeye anachotaka ni urudi.

Sasa la huko njiani hamna Mungu. Hili sijui mnalipata wapi. Yakobo alikutana nae njiani, amelala nje, kichwa kwenye jiwe, alfajiri akashtuka akasema Bwana yuko mahali hapa na mimi sikujua. Wale wawili wa Emau walikuwa wanatembea na huzuni ya msiba, wanauongelea, ndo akaungana nao. Na kuna mmoja natamani ungemsoma polepole, Matendo sura ya 8, yule afisa Mwethiopia mtunza hazina anarudi kwao kwenye barabara ya Gaza, amekaa kwenye gari lake anasoma Isaya na haelewi anachosoma. Filipo aliambiwa asogee karibu na gari lile, akakimbia. Alipanda, akakaa nae, wakafundishana humohumo safarini, wakaona maji wakasimamisha gari akabatizwa, halafu akaendelea na safari yake akifurahi. Hakuambiwa aache kazi wala arudi Yerusalemu. Ila angalia pia kwamba alihitaji mtu wa kupanda nae, nitarudi kwenye hilo.

Umeuliza ufanyeje. Wewe ni Mlutheri, basi nikukumbushe cha nyumbani kwenu. Mwaka 1535 kinyozi wake Martin Luther pale Wittenberg, Ujerumani, jina lake Peter, alimuomba amfundishe kuomba, nae alikuwa mtu wa kazi kama wewe. Luther akamwandikia waraka mzima. Alimwambia achukue Baba Yetu asiimalize kwa mkupuo, achukue kipande kimoja, tuseme mkate wetu wa kila siku, akizungushe kichwani kwa maneno yake mwenyewe. Akifika kwenye Amri Kumi, kila amri ajiulize: hapa nafundishwa nini, hapa namshukuru kwa lipi, hapa naungama nini, hapa namuomba nini. Na kama katikati ya kipande kimoja cha Baba Yetu moyo ukipata moto, aachane na vingine vyote abaki hapohapo asikilize. Akampa na mfano wa kazi yake mwenyewe, kwamba kinyozi mzuri macho na akili vinakuwa kwenye wembe, akianza kupiga soga na kuzubaa anaweza kumkata mtu pua au koo. Yaani umakini wako kwenye usukani sio adui wa maombi, unajua tayari kuwa mahali pamoja kwa moyo wote, wengi wetu tunaokaa maofisini hicho hatunacho.

Wewe alfajiri kabla ya kuwasha unazunguka gari na tochi, unagonga matairi na nondo usikie lipi limepungua upepo. Ni dakika ngapi pale, na kichwa kiko huru. Kipande kimoja cha Baba Yetu kinatosha kwa mzunguko huo, kesho kingine. Kama siku hiyo ni hasira tu inatoka, toa hasira. Ukimaliza washa gari uende, hata Katekismo Ndogo uliyoisomea kipaimara, baada ya sala ya asubuhi inakwambia nenda kazini kwako kwa furaha na wimbo, na baada ya ile ya jioni inakwambia lala mara moja. Hayo ya kukariri unayodharauliwa nayo, mimi nisingeyatupa. Siku akili imegoma, maneno ya kukariri ndo yanakubeba. Ukiwa barabarani unaweza pia kusikiliza Biblia ya sauti kwenye simu badala ya kusoma, Marko ina sura 16 tu, umetoka Kibaha kabla hujafika Morogoro umeisikia yote.

Ila njia hii ya peke yako ina hatari yake na lazima niiseme. Mtu akiwa na Mungu wake mwenyewe kwenye kebini bila mwenzie, baada ya muda huyo Mungu anaanza kukubaliana nae kwa kila kitu. Au hasira inaota mizizi hakuna wa kuigusa. Ulikuwa na mwenzako wa kusimama nae kati ya magari mawili asubuhi, na hicho ndo ulichopoteza, hukupoteza rafiki tu ulipoteza na kanisa lako la njiani. Hakuna atakayeziba pengo lake. Lakini je, hamna dereva mmoja kwenye hiyo foleni ya Tunduma ambaye nae anatafuta? Huyo utingo anayekuangalia kimya, umeshamuuliza anawaza nini? Makambako na Tunduma yapo makanisa yenu, Jumapili ikikukuta huko ingia hivyohivyo na ovaroli. Na mchungaji wako mweleze ile siku ya ushuhuda ilikufanyaje, inawezekana kabisa hajui.

Kuhusu huduma ya mke wako, una njia kadhaa na zote zina bei. Unaweza kwenda nae siku moja ukaone kwa macho yako, faida ni kwamba atajua hujamdharau, hatari ni kwamba ukienda kukagua atajua umeenda kukagua. Unaweza kukataa kabisa, ila basi mnakuwa na nyumba yenye milango miwili na watoto wanachagua upande. Kwenye maono, Paulo aliwaambia Wathesalonike, waraka wa kwanza sura ya 5, wasitweze unabii, na hapohapo akasema jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Hayo mawili yanakaa pamoja. Kulijaribu ni kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Gari nyeupe kwenye hiyo barabara ziko ngapi? Je, mtumishi alikuwa anajua tayari kwamba mume wa huyu mama ni dereva na rafiki yake amekufa? Je, linaleta utulivu wa kufikiri au linaleta hofu ya kukimbizana na tarehe? Ulizeni pamoja, usimuulize yeye kama mshitakiwa.

Na kazi ya yadi, hapo sitakuamulia. Kuna sababu nzuri za kuichukua ambazo hazihitaji maono yoyote: umri unaenda, watoto wanakua hawakuoni, na mwili wako ule mteremko unausikia kila ukipita. Na kuna sababu nzuri za kusubiri, gharama za fomu faivu ni kitu halisi, na Mungu anajua hivyo. Ninachokiogopa ni uichukue kwa kuogopa tarehe ya mtumishi, halafu siku hela haitoshi umlaumu mke wako au umlaumu Mungu kwamba alikudanganya. Kitu kingine ninachokiogopa ni ufikiri ukimya utakwisha ukihama. Unaweza kukaa Kibaha karibu na kanisa kila Jumapili na ule ukimya ukakufuata mpaka sebuleni, kama hujaongea nae lile jambo la rafiki yako.

Kwahiyo safari hii ukirudi, kabla ya kuongelea yadi, kaa na mke wako watoto wakishalala. Msomee barua hii kama hutaki kuanza wewe, au mwambie tu ile ya Kitonga, yote, na ngumi za usukani. Muulize na yeye ile siku ya msiba aliona nini. Muulize, ikitokea Mungu asiseme lolote kuhusu gari, wewe kama mke unataka nini na unaogopa nini. Halafu chukueni karatasi mpige hesabu ya yadi, gharama za shule, plasta, chakula, posho inayoondoka, muone pengo ni la kiasi gani na kama yeye anaweza kuongeza kitu. Huyo wa yadi muulize nafasi inasubiri mpaka lini, maana huenda mna muda zaidi ya mnavyodhani. Mkishaongea niandikie imekuwaje, na kama mama nae ana upande wake anataka kuuandika, mwambie aniandikie, nitamsikiliza kama nilivyokusikiliza wewe.